Mrejesho: kitambaa cha meza kilichovuja rangi

Jamani, nimerudi. Mwezi uliopita niliuliza nifanyeje na kitambaa cha meza nilichofuma kwa uzi mweupe na mwekundu. Kukifua mara moja tu, nyeupe yote ikawa pinki.

Wengi mlisema chumvi na siki. Nilijaribu vyote, nikaambulia nyumba kunuka kachumbari. Kilichosaidia ni ushauri wa yule dada aliyesema nisikipige pasi wala kukianika tena mpaka rangi iishe. Nikakiloweka usiku kucha kwenye ndoo ya maji ya moto na sabuni ya unga, nikabadilisha maji, nikarudia mara tatu. Pinki imebaki kwa mbali sana upande mmoja. Nimeuelekeza ukutani, na mama mkwe kapita pale bila neno!

Kingine kipya nimekianza. Safari hii nililowesha kipande cha uzi mwekundu, nikakikandamiza kwenye kitambaa cheupe. Uzi ulivuja rangi, nikaurudisha dukani.

Na wale mlionicheka kwamba kitambaa changu cha duara kinajikunja kama bakuli: kweli, nilikuwa siongezi vitanzi kila mzunguko. Sasa naanza na 12, mzunguko wa pili 24, wa tatu 36. Kinalala mezani vizuri kabisa.