Naomba ushauri: bia ya nyumbani inatuzidi

Wakuu, salaam. Mimi na mke wangu tuko Ohio, Marekani, tunapika bia wenyewe. Sheria ya shirikisho inaruhusu galoni 200 kwa mwaka kwa nyumba yenye watu wazima wawili, karibu lita 757, mradi usiuze. Sisi tunapika lita 19 kila wiki mbili, yaani lita 494 kwa mwaka. Majirani nawagawia, lakini stoo bado imejaa. Juzi usiku chupa moja ilipasuka, povu hadi ukutani. Sukari ya chupani, ile tunayotia ili bia ipate gesi, nimeshapunguza. Kinachonitia hofu hasa ni kwamba sasa tunakunywa kila jioni.

Wenzangu mnapika na kunywa kiasi gani kwa mwaka? Na kuna anayepika lita tano tano bila kupoteza ladha?