Mrejesho: pikipiki iliyokuwa inakosa nguvu mlimani

Wakuu, habari za siku. Niliuliza kuhusu pikipiki yangu kuukuu ya cc 125, ya kabureta (kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa): asubuhi inawaka vizuri, lakini kwenye mpando wa Mombo kwenda Lushoto inaanza kumisi, resi haipandi, mwisho inazima. Ukiipumzisha, inawaka tena. Fundi alishataka kushusha injini abadilishe pistoni na ringi.

Aliyesema nitoe plagi papo hapo inapozima, asante sana. Nilitegemea masizi, kumbe ncha ni nyeupe kama chaki. Maana yake petroli haifiki ya kutosha. Ringi zikiisha, plagi inalowa oili, kwa hiyo si ringi.

Injini ilipopoa nikalegeza skrubu ya chini ya kabureta, nikakinga chupa (sigara mbali, jamani). Petroli ilitoka vizuri, ikapungua, ikabaki matone. Nikafungua mfuniko wa tanki: fyuuu, ikavuta hewa, na petroli ikamwagika upya. Kitundu cha hewa cha mfuniko kilikuwa kimeziba kwa kutu na vumbi! Nimekizibua kwa waya mwembamba.

Tapeti (nafasi za valvu) nazo nilizipima, moja ilikuwa imebana nikairekebisha, ila sidhani kama ndiyo iliyokuwa inazimisha.

Sasa inapanda na abiria bila kulalamika. Iliyobaki ni kutu ndani ya tanki. Chujio nimeweka, lakini anayejua njia ya kuitoa bila kutoboa bati aseme, maana limeshakuwa jembamba.