Naomba ushauri: kipimo cha misuli ya sakafu ya nyonga (inayoshikilia kibofu, kizazi na utumbo), Kisumu

Habari zenu wapendwa. Naandika kwa niaba ya mama mdogo, yuko Ahero. Tangu ajifungue kitinda mimba wake, aliyezaliwa na uzito mkubwa baada ya uchungu wa kutwa kucha, akikohoa mkojo unamtoka. Jioni akitoka shambani anahisi kitu kizito kimeshuka ukeni. Haja kubwa nayo haimaliziki mpaka abonyeze kwa kidole; hilo alininong'oneza tukichambua omena.

Alipigwa ultrasaundi ya tumbo, akaambiwa yuko sawa. Mimi sikuridhika. Alikuwa amelala chali, ametulia tuli. Kinachoshuka mtu akisimama kitaonekanaje hapo? Nasoma kuna ultrasaundi nyingine, kifaa huvalishwa glavu na kuwekwa nje ya uke. Mgonjwa huambiwa asukume, kisha abane, na daktari anaona papo hapo kibofu, kizazi na utumbo vikisogea, hata msuli uliong'oka kwenye mfupa wakati wa kujifungua. Pia kuna MRI, picha ya mashine ya sumaku, ambayo jeli hutiwa njia ya haja kubwa, naye aisukume itoke akiwa ndani ya mashine. Huyu mama ninayemjua? Labda tumfunge kamba.

Kuna aliyefanyiwa hiyo ultrasaundi ya nje ya uke Kisumu, au ni lazima Eldoret? Muuguzi mmoja anasema daktari wa wanawake akimpima vizuri kwa mkono, huenda picha isihitajike kabisa. Tuanzie wapi? Na bei, tafadhali, msinifiche.