Magari yaliyokuwa kila kona Mtwara na Lindi, leo kuyaona ni bahati: tupeane uzoefu

Msafiri wa Mbwemkuru (mwenye mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi niko kijiweni karibu na stendi ya Mtwara, ikapita Peugeot 504, ile ndefu ya safu tatu za siti, rangi imepauka, nyuma imejaza mihogo. Vijana wa bodaboda wakaanza kuulizana hiyo ni gari gani. Mmoja akasema ya Kichina. Nikanyamaza, nikajiona mzee ghafla.

Kwa wasiojua: miaka ya 80 na 90, mtu mwenye haraka ya kwenda Masasi au Lindi hakusubiri basi, alidandia 504. Zilianza kutengenezwa Ufaransa 1968, na hata Wafaransa walipoziacha, Nigeria waliendelea kuziunganisha pale Kaduna mpaka miaka ya 2000. Leo ukisimama Mnazi Mmoja ya huku Lindi unahesabu IST, Noah, Hiace, Fuso na malori ya saruji, basi.

Mimi nasema zimeuawa na lami. Barabara ya Kibiti hadi Lindi ilipokuwa tope na mchanga, gari laini ilikuwa haithubutu. Mtu unalala foleni ya kivuko Ndundu, ukivuka unakutana na Somanga, masika ndiyo usiseme. Daraja la Mkapa likafunguliwa 2003, kile kipande cha Ndundu mpaka Somanga, kama kilomita 60, kikaja kukamilika miaka kumi na kitu baadaye. Kila mwenye visenti akaagiza kagari kake ka Japani. Ubabe wa 504 na Land Rover ukakosa kazi.

Haya, tupeane uzoefu. Kwenu kulikuwa na gari gani, ilifanya kazi gani, na iko wapi leo? Siasa pelekeni kwingine.

Mjukuu wa Kitangari

Mkuu umenigusa. Kwetu uwandani ukisema gari, umesema Land Rover. Babu mdogo alikuwa na 109, pikapu, na kazi yake kubwa haikuwa korosho wala abiria. Ilikuwa maji.

Wa pwani hamuwezi kuelewa. Newala maji yako chini bondeni, watu tuko juu. Bomba likikauka, na lilikuwa linakauka haswa, ile 109 ndiyo bomba la mtaa. Mapipa yanapangwa nyuma, kila pipa linawekewa majani juu maji yasirukeruke, kisha babu anasukuma kile kirungu chekundu cha gia nzito, inaanza kupanda. Mwendo wa mtu anayetembea, mlio unausikia kijiji kizima, na kina mama wanatoka na ndoo kabla hata haijafika.

Sisi watoto tulipewa cheo cha kubeba jiwe. Ikizima katikati ya mlima unaruka, unatia jiwe nyuma ya tairi. Jiwe lenyewe lilikuwa na mahali pake maalumu chini ya miguu ya tandiboi, na ole wako ulitumie kuvunjia karanga. Betri ilishakufa zamani, inawashwa kwa hendeli ya mbele. Babu alitufundisha kushika: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usikizungushe, maana injini ikirudisha nyuma inakuvunja mkono.

Iko wapi leo? Babu alipofariki, wanawe wakagawana. Huyu akauza injini, yule gia boksi, bodi ikabaki chini ya mkorosho mpaka akaja mnunuzi wa alumini. Si mnajua bodi ya Land Rover ni alumini? Nina uhakika kuna mtu hapa Mtwara anasonga ugali kwenye mlango wa gari ya babu yangu.

Kijana wa Gesi

😂😂 mlango wa babu!

Mimi hizo 504 mnazosema nazijua kwa picha. Kizazi chetu gari iliyopotea ni Toyota Mark II, GX 100. Miaka ile ya kelele za gesi, teksi za mjini zilikuwa hizo na Corolla 110. Ukipanda Mark II kwenda Shangani unajisikia waziri. Bajaji zilipoingia kwa buku, nani tena alipie teksi?

Fundi wa Chuno

Mwenye mada, nakuheshimu ila hapo umepata nusu. Lami imeleta IST, sawa. Aliyeziondoa zile za zamani ni mtu wa chuma chakavu, na kabla yake chumvi.

Nianze na chumvi. Gari ya kukaa Mikindani au Lindi mjini inaliwa kwa chini. 504 sakafu inaoza, abiria anaiona barabara. Land Rover inakudanganya zaidi, kwa sababu bodi haishiki kutu, kwa nje nzima kabisa, kumbe chesisi ni chuma na imekwisha. Nimewahi kupiga jeki Land Rover 110 ya mteja, jeki ikapanda, gari ikabaki pale pale. Imeingia ndani ya chesisi. Mteja anasema "fundi jeki yako mbovu." Nikamwambia lala chini uangalie mwenyewe.

Sasa spea. Gari hizi zilikuwa rahisi, ndiyo uzuri wake na ndiyo kilichoziua. 504 ukifungua boneti unaona kila kitu: kabureta, distributa, plati (vile vidude vya kukata na kuunga umeme wa plagi). Ikikataa kuwaka usiku Mbwemkuru, dereva anafungua distributa, anasugua plati kwa ubavu wa kiberiti, anapima nafasi kwa kipande cha karatasi ngumu, anaondoka. IST ikikataa unamsubiri mwenye mashine ya kusomea kompyuta. Lakini kwa kuwa kila kifaa cha 504 kinafunguka na kinaingia kwenye 504 nyingine, spea dukani zilipoadimika watu walichinja moja kuponya mbili. Baadaye wakachinja moja kuponya moja. Mwisho wake mnaujua.

Na mpya haziji. Gari iliyozidi miaka minane ukiingiza nchini unalipa ushuru wa uchakavu, nani atajitesa kuleta 504? Defender ya zamani, yaani ukoo wa hizo 110, nayo kiwanda kiliacha kuitengeneza Januari 2016. Zilizobaki huku nyingi ni Land Rover kwa jina, ndani zimefungwa injini ya dizeli ya Toyota au Isuzu.

Mama Wawili, Lindi

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Baba yangu alikuwa na Peugeot 404, gia ipo kwenye usukani. Nakumbuka ule mwiko wa Jumapili, gari binafsi ikifika saa nane mchana isionekane barabarani, serikali inaokoa mafuta. Sasa bibi yetu yuko Mtama, na bibi ukienda kwake huondoki hujala. Kuku ndiyo kwanza anakimbizwa, baba anaangalia saa. Ikipita saa nane ndiyo tumeshalala huko, gari chini ya mwembe, Jumatatu shule tunaingia saa nne na barua ya mzazi. Mama alikuwa anaamini bibi anachelewesha kuku makusudi.

Ile 404 baba aliiuza pale Rais Mwinyi alipofungua milango na Datsun na Corolla za mtumba zikaanza kuingia. Baba alilalamika mpaka anaingia kaburini kwamba Corolla inarusha kiuno.

Wa Ndanda

Mmesahau Volkswagen ile ya injini nyuma. Masista walikuwa nazo. Haina rejeta, inapozwa na upepo. Kila ikisimama sokoni kuna mtu atajitolea kuiongezea maji 😀

Msafiri wa Mbwemkuru (mwenye mada)

Fundi nimekubali nusu, nusu nabaki nayo. Mbona juu Tandahimba na Newala, ambako lami kutoka Mtwara ilichelewa sana kupita Mnivata, ndiko bado nakutana na 110 zinabeba korosho? Chumvi haipo kule, sawa, lakini barabara mbaya nayo imezilinda.

Fundi wa Chuno

Hapo kwa Tandahimba sikupingi. Subiri lami ikamilike huko juu tuone.

Mjukuu wa Kitangari

Fundi, nimeokota 110 Nanyamba, chesisi nimegonga kwa nyundo mwanzo mpaka mwisho, inalia vizuri. Haina gia boksi. Unayo?

Fundi wa Chuno

Ninayo, iko chini ya benchi. Njoo Jumamosi na pikapu, na uje na watu wawili wenye nguvu. Usije na bodaboda kama yule wa mwezi uliopita.