Wauza mboji wa Dar, mnashindwaje kupanda maharage tisa kabla ya kutuuzia sumu?

Wakuu, kabla hamjaniuliza: nilimwagilia, miche ilikuwa mizima, na hapana, siyo rasta, ule ugonjwa unaokunja majani ya nyanya. Nawajua wataalamu wa humu.

Nipo Goba. Nilinunua viroba ishirini vya mboji kwa jamaa anayejitangaza kila kukicha: "samadi safi ya ng'ombe, haina kemikali". Kirikuu ikashusha getini, nauli juu yangu. Mboji yenyewe ukiiona unaipenda, nyeusi, inapukutika vidoleni, haina harufu. Nikajaza matuta manne, nikapandikiza nyanya. Tuta la tano sikulitia mboji, nikaliacha na udongo mtupu.

Wiki ya pili majani machanga yakaanza kutoka membamba kama kamba za viatu, yamejisokota. Mashina yakapinda. Matuta yote manne, siku zilezile. La tano? Nyanya zinadunda tu. Na mahindi niliyochomeka pembeni mwa tuta la kwanza yamesimama kijani, utadhani yananicheka.

Nikampigia muuzaji. "Kaka, hao inzi weupe, piga dawa." Nikapiga, hela ikaenda. Nikarudi kwake: umezidisha maji. Mara ya tatu: udongo wa Goba ndiyo mbaya. Halafu akaniahidi viroba vitatu vya bure kunipoza. Vya mboji ileile!

Aliyeniokoa ni mzee jirani, bwana shamba mstaafu. Alipofika hakugusa hata nyanya, akaangalia mahindi kwanza. "Mwanangu, acha kupiga dawa. Kapande maharage."

Nikachukua vikopo sita vya mtindi, nikavitoboa chini. Vitatu nikatia udongo wa tuta la tano, vitatu nusu udongo nusu mboji. Maharage matatu kila kikopo, kila kimoja na kisahani chake ili maji yasichanganyike (mzee alinigombeza hapo, nilikuwa nimeviweka vyote kwenye sinia moja). Yote yaliota vizuri, nikaanza kumwona mzee anazeeka vibaya. Siku ya kumi na saba nikaelewa. Kwenye udongo mtupu majani yamekunjuka bapa. Kwenye mboji, majani yale ya utatu yamejikunja kama kikombe, mishipa imesogeleana, kikonyo kimejipinda.

Kuna dawa za magugu, kama klopiralidi, aminopiralidi na pikloramu, zinazoua majani mapana na kuacha jamii ya nyasi. Ng'ombe akila majani yaliyopuliziwa, dawa inapita tumboni na kutoka na samadi ikiwa nzima. Joto la kuozesha mboji haliimalizi. Maharage, njegere na nyanya zinaumia hata kwa kiasi kidogo ajabu, sehemu chache tu katika bilioni. Mahindi hayashtuki, ni nyasi hayo. Wala hili si jipya: Uingereza walisimamisha uuzaji wa aminopiralidi mwaka 2008 baada ya watu kuharibikiwa bustani kwa samadi, na Vermont, Marekani, mboji ikaleta balaa hilohilo mwaka 2012.

Sasa mtu ataniambia kapime maabara. Sawa, maharage hayatakutajia jina la dawa, na mimi sijui ni ipi kati ya hizo. Ila yatakwambia usiiuze! Maharage ya mia tano dukani yanapima lundo zima. Mnasubiri mboji iive miezi, mkiongeza wiki tatu mnapungukiwa nini? Na mnaponunua samadi, kumuuliza mfugaji malisho yamepuliziwa nini ni kazi ya nani, yangu mimi wa mwisho kabisa?

Nimemtumia picha za vikopo. Tiki mbili za bluu, kisha akaniblock.

Matuta manne nimeng'oa, nimepanda mahindi, mzee anasema hapo nisahau nyanya kwa muda, inaweza kupita zaidi ya msimu mmoja. Viroba saba vimebaki, simpi mtu hata bure.

Mods, msiunganishe huu na uzi wa mbolea. Kama kuna aliyenunua mboji ya samadi hivi karibuni, Mbezi, Kigamboni, Chanika, popote, na nyanya zikajisokota, aseme humu. Na aseme mahindi au mchaichai (nao ni jamii ya nyasi) kwenye tuta hilohilo ulikuwaje.