Pentium III ya mzee: nataka iwe na DOS, Windows 98 na Windows 2000, nianzie wapi?

SlotiMoja
Wakuu habari zenu. Nina kompyuta ya mezani ya baba yangu, Pentium III ya MHz 450, ile prosesa inayochomekwa wima kama katriji, mazabodi yake ina chipseti (chipu zinazoiendesha mazabodi) ya 440BX, RAM MB 128, hadidiski GB 10, ndani kuna Windows 98 tu. Mzee alikuwa anaandalia notisi za wanafunzi wake humo na mimi magemu ya DOS nimeyajulia hapo hapo, kwa hiyo kuiacha ife sitaki kabisa. Nataka niiongezee nguvu halafu iwe na DOS kwa ajili ya magemu, 98 ibaki, na Windows 2000 pembeni, Linux ya zamani ikipata nafasi sawa. RAM niongeze mpaka ngapi, hadidiski niweke ya ukubwa gani, na ipi inatangulia kuinstoliwa? Halafu hadidiski imeanza kugonga gonga ikiwaka, sijui ndo uzee.

FundiTaratibu
Mkuu izime. Hayo ya RAM na nini yatakuja baadaye, diski inayogonga ni diski inayokwambia siku zake zinahesabika na kila ukiiwasha unahatarisha kazi za mzee zilizomo. Ichomoe, tafuta adapta ya IDE (kiunganishi cha hadidiski za zamani) kwenda USB, ichomeke kwenye kompyuta nyingine yenye Linux halafu uikopi nzima kwa GNU ddrescue. Hiyo programu inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, zile mbovu inaziruka na kuzirudia mwishoni, na inaandika kwenye faili imefika wapi kwa hiyo hata ikikatika katikati unaendelea ulipoishia. Usianze kuiskani na ScanDisk wala kuidifragi, hapo ndo watu wanaua diski kabisa. Ukishapata kopi rudi hapa tuongee, hata kama itachukua siku mbili.

Na ukiwa umeifungua angalia kapasita za kwenye mazabodi, zile zilizovimba kichwani au zilizovuja zibadilishwe kabla hujaongeza chochote. Paua saplai usiifungue kama hujazoea, inabaki na umeme hata ikiwa imechomolewa. Betri ya CR2032 weka mpya.

kebo_ya_pini40
Naunga mkono hapo juu, kopi kwanza. Kuhusu RAM, 440BX ina mtego wake ambao umewachanganya wengi: moduli ya MB 256 yenye chipu 8 tu itasomeka 128, unayotaka ni ile ya chipu 16, nane kila upande. Ukipata mbili una 512 na ishia hapo hapo. Windows 98 ikizidi 512 inaanza kulalamika eti memori haitoshi, kwa sababu keshi yake ya diski inajitanua mpaka inamaliza nafasi ya anwani, inabidi uingie system.ini kwenye [vcache] uweke MaxFileCache. Inafanyika, ila kwa 98 hizo MB za ziada huoni faida yake.

Diski nayo usiende kubwa. Bayosi (programu ya mazabodi inayoanza ukiwasha) nyingi za miaka ile zikikutana na diski ya kuzidi GB 32 zinaganda pale pale kwenye kuitambua, na 98 yenyewe kuvuka GB 137 ni kuharibu data. GB 20 au 30 inakutosha sana, DOS na 98 pamoja hazifiki hata GB 2.

MenyuYaKuwaka
Mpangilio: ya zamani inatangulia, mpya inafuata, usigeuze. Mimi niligeuza, nikaanza na 2000 halafu nikaweka 98, 98 ikaandika sekta yake ya kubuti (ile ya mwanzo wa diski inayowasha mfumo) juu ya ile iliyokuwepo na 2000 ikapotea kana kwamba haijawahi kuwepo, nimekesha usiku mzima nikidhani nimefuta kila kitu kumbe data ipo, ni njia ya kuifikia tu iliyokatwa. Nikawasha kwa CD ya 2000, nikaingia Recovery Console (sehemu yake ya kurekebisha), nikaandika amri ya fixboot, ikarudi.

Wewe fanya hivi, patisheni (kipande cha diski) ya kwanza iwe ya mfumo wa faili wa FAT32 uweke 98, ya pili weka 2000. Setapu ya 2000 ikikuuliza kama ibadilishe C kuwa NTFS, mfumo wa faili wa kwake, kataa, maana 98 haisomi NTFS na ukikubali umeifunga. Menyu ya kuchagua mfumo upi uwake, 2000 itaitengeneza yenyewe kwenye faili ya boot.ini. DOS haihitaji patisheni yake, iliyomo ndani ya 98 inatosha, ukiwasha bonyeza F8 uchague mstari wa amri, au weka BootGUI=0 kwenye MSDOS.SYS ikuache kwenye DOS na ukitaka Windows uandike win. Linux iwe ya mwisho na kipakiaji chake kikae kwenye patisheni yake yenyewe.

kebo_ya_pini40
Mi hapo kidogo natofautiana. Kwa nini kurundika zote diski moja? Chukua adapta ya kadi za CF (CompactFlash, kadi za memori) kwenda IDE, ile inayokaa kwenye tundu la nyuma ya kesi, kila OS (mfumo endeshi) na kadi yake. Unazima, unabadili kadi, unawasha, moja ikiharibika nyingine haina habari. Na kukopi kadi ni dakika chache. Ila kwa 2000 hakikisha kadi inajitambulisha kama diski ya kudumu, zile zinazojitambulisha kama za kuchomoka zinasumbua kwenye patisheni na faili ya swapu (ile inayosaidia RAM ikijaa).

SlotiMoja
Wakuu nimerudi. Ddrescue imemaliza, sekta chache tu hazikusomeka, notisi za mzee zote zipo hadi mitihani ya majaribio aliyotunga. Kapasita mbili zilikuwa zimevimba, nimebadilisha. Nimeenda na kadi za CF, kopi ya mzee nimeiweka kwenye yake peke yake na imewaka na picha ile ile aliyoiweka kwenye skrini, nimekaa naiangalia tu. 2000 iko kadi ya pili. Sasa gemu moja la DOS linakataa, linaandika Runtime error 200, na mengine hayatoi sauti.

MenyuYaKuwaka
Hongera sana ndugu. Hiyo 200 ni gemu lililotengenezwa na Turbo Pascal, linapima kasi ya prosesa likiwaka na kwa MHz 450 hesabu yake ya kugawanya inafurika. Ingia bayosi uzime keshi ya ndani ya prosesa, ujaribu tena, likiwaka ukimaliza kucheza uirudishe. Sauti: kadi yako ya sauti ni ya ISA (nafasi ya kadi ya zamani) au PCI (ya baadaye)? Kama ni Sound Blaster ya ISA weka SET BLASTER=A220 I5 D1 (anwani 220, IRQ 5, DMA 1) kwenye autoexec.bat na kwenye setapu ya gemu uchague namba hizo hizo.

SlotiMoja
ISA. Naenda kujaribu sasa hivi.