Ubavu wa jahazi la mfano: gogo moja, tabaka, au mbao juu ya mataruma?

Mwana wa Tanga
Salaam wakuu. Naunda jahazi la mfano la umbo la Lamu, omo, yaani ncha ya mbele, imesimama wima na jicho la duara kila upande. Kipimo ni 1:40, kwa hiyo jahazi la mita 18 kwangu linatoka sentimita 45. Halitaelea, litakaa sebuleni kwa babu, ambaye alikuwa baharia. Nimekwama kwenye ubavu. Nichonge gogo moja, nigandishe mbao bapa kwa tabaka kisha nichonge, au nisimamishe mataruma, yaani mbavu za chombo, nipige mbao moja moja? Ninayo miti ya mwembe, mninga na vipande vya mtiki.

Fundi Randa
Chonga gogo, mkuu. Ngalawa zenyewe huchongwa kwenye mwembe, na mwembe unaikubali patasi. Epuka kipande chenye kiini, maana kikikauka hupasuka kuanzia hapo. Kausha kivulini.

Bi Shela
Kaka Randa, kwa ngalawa sawa, kwa jahazi hapana. Gogo likishapigwa msasa halina maungio, na mzee wa bahari atayatafuta hayo kwanza. Ukiyachora kwa ncha ya kisu, mistari haitajikusanya kama mbao zinavyojikusanya zikikaribia omo.

Mwana wa Tanga, piga mbao moja moja, ila ujue kazi kubwa iko kabla ya ubao wa kwanza. Kingo za mataruma ya omo na ya tezi, yaani nyuma, zitiwe mshazari, ubao ulalie upana wote wa taruma usishike ukingo tu. Chukua ukanda mwembamba wa mti, ulaze toka omo hadi tezi. Ukiona mwanga chini yake, taruma la jirani limezidi. Piga tupa kidogo, laza tena, mpaka mwanga upotee.

Halafu gawanya. Taruma la katikati ndilo lenye mzunguko mrefu kuliko yote. Ukiligawa sehemu 12 kila upande, hata lile fupi la omo lipate sehemu 12 vilevile. Hapo kila ubao utakuwa mpana katikati na mwembamba omoni. Wanaotumia mbao za upana mmoja huishia kujaza vipembe mbele. Anza na ubao ulioshikana na mkuku, ule mti mkuu wa chini kabisa, kisha wa juu kabisa, na kila ukibandika wa kulia fuatisha wa kushoto, la sivyo mkuku utavutwa upande.

Ubao wa milimita 1.5 uloweke kwenye maji ya moto, ubane mahali pake kwa vibanio vya nguo bila gundi, uache ulale hapo usiku kucha. Tia gundi ukishakauka. Ukiubandika mbichi utasinyaa, na mianya itafunguka kati ya mbao.

Mjukuu wa Nahodha
Mbona tabaka mmeiruka? Kata kila ubao bapa kwa umbo la jahazi kwenye kimo chake, toboa katikati, gandisha, chonga mpaka ngazi ziishe. Juu yake bandika mbao za milimita 1.5 alizozisema dada. Kwa nje hakuna atakayejua, na mshazari wa mataruma umeuepuka.

Bi Shela
Kwa nje ni kweli, na kwa chombo chenye sitaha nzima ningekuunga mkono. Lakini jahazi liko wazi katikati. Babu akiinama kutazama ngamani, chini kabisa ndani ya chombo, ataona ukuta mtupu pale anapotarajia mataruma.

Mjukuu wa Nahodha
Hapo umenipata, dada. Kama ngama itaonekana, mataruma lazima.

Seremala wa Wete
Mie naongeza la miti. Mtiki una mafuta, gundi haiushiki vizuri. Ufute kwa spiriti na kubandika papo hapo. Mninga ukishakauka hautembei sana na rangi yake inapendeza, ila kwenye mkunjo mkali unavunjika usipokuwa mwembamba. Vumbi lake linawasha pua, funga kitambaa. Gundi tumia ile nyeupe ya mbao, inakupa muda wa kusogeza. Ya kushika papo hapo ikimwagika inaziba vinyweleo, na vanishi ikipita juu yake huacha doa.

Mwana wa Tanga
Ahsanteni sana. Mataruma ya mwembe, mbao za mninga. Vichwa vya misumari nivionyesheje?

Bi Shela
Kila ubao unapovuka taruma, toboa tundu la milimita 1. Chonga kijiti cha mwanzi kiingie kwa kubana, kitie gundi, kikikauka kikate na upige msasa. Nta au vanishi ikipita, vichwa vitajionyesha. Chini ya mstari wa maji usijisumbue, kwa sababu utapapaka nyeupe, pale ambapo jahazi lenyewe hupakwa deheni ya mafuta na chokaa.